Illinois na California, rangi ya dereva huandikwa na askari, dereva haulizwi

Je, polisi wa Marekani wanapomsimamisha dereva barabarani na kuandika takwimu za kupimia ubaguzi, humuuliza rangi yake? Si kila mahali. Katika majimbo ya Illinois na California askari hujaza mwenyewe, kwa jinsi alivyomwona. Na ndivyo inavyopaswa, maana ubaguzi hufuata macho ya askari, haufuati cheti cha kuzaliwa.

Nimefuatilia zaidi Illinois. Sheria yao ya kukusanya takwimu hizi ilipita 2003, Barack Obama akiwa seneta wa jimbo na mmoja wa walioisukuma sana. Takwimu zikaanza kukusanywa 2004. Huandikwa pia sababu ya kusimamishwa, kama gari lilipekuliwa, na kama dereva alipigwa faini au alionywa tu. Hapo kwenye upekuzi ndipo pa kukazia macho: kundi likipekuliwa mara nyingi zaidi huku likikutwa na vitu haramu mara chache zaidi, ni dalili kwamba wanashukiwa kwa sababu ndogo kuliko wenzao.

Ila usilinganishe waliosimamishwa na idadi ya wakazi wa mji halafu ukatoa hukumu, kwani wanaopita barabarani si wakazi tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha kabla na baada ya giza: jua likizama, sura ya dereva haionekani vizuri. Katika uchambuzi wao wa 2020, wa takribani matukio milioni 100, sehemu ya madereva weusi kati ya waliosimamishwa ilipungua usiku, dalili kwamba rangi inapoonekana huchangia dereva kusimamishwa.

Si majimbo yote yanayokusanya takwimu hizi, hakuna sheria ya taifa zima inayoyalazimisha.