Ruzuku ya barabara ya magogo na ruzuku ya mafuriko: tuombe ipi, na kalvati iwe kubwa kiasi gani?

Swali: Sisi ni kikundi cha wakulima wa miti. Magogo yetu hupita kwenye barabara ya udongo yenye urefu wa kilomita 3.2, na tunatarajia kuvuna kama tani 12,000. Katikati ya barabara kuna kijito kinachopita kwenye bomba la milimita 450. Kila mvua kubwa ikinyesha bomba linaziba, maji yanageuka na kushuka na barabara mpaka kwenye nyumba zilizo bondeni. Serikali imetangaza ruzuku mbili: moja ya kuboresha barabara za kusafirishia mazao ya misitu, nyingine ya kuzuia mafuriko kwenye makazi. Je, tunaweza kuomba zote? Kalvati (bomba au njia ya kupitisha maji chini ya barabara) iwe na ukubwa gani, na changarawe kiasi gani?

Jibu: Kwa kawaida mnaweza kuomba zote mbili, mradi kifaa au kazi moja isilipiwe mara mbili. Someni mwongozo wa kila mfuko kabla ya kuandika chochote, hasa vipengele viwili. Cha kwanza ni kama fedha ya mfuko mmoja wa umma inaweza kuhesabiwa kuwa mchango wenu kwenye mfuko mwingine. Mara nyingi haikubaliki, kwa hiyo mchango utoke kwenye mawe, mbao, nguvu kazi au akiba yenu. Cha pili ni kama malipo hutolewa kabla au baada ya kazi. Ruzuku nyingi za aina hii hurudisha fedha baada ya ukaguzi, na kikundi kisicho na mtaji wa kumlipa mkandarasi kwa miezi miwili mitatu hukwama kazi ikiwa nusu.

Kwenye jedwali la gharama wekeni safu inayoonyesha kila mstari unalipwa na mfuko gani. Changarawe, sehemu za kupishania malori na kupanua kona viende kwenye mfuko wa usafirishaji. Kalvati ya kijito, mawe ya kulinda mdomo wake na kazi za mkondo chini yake viende kwenye mfuko wa mafuriko. Kuna wanaojaribu kugawa kalvati moja asilimia 40 kwa 60. Inaruhusiwa mahali pengine, lakini mfuko mmoja ukichelewa mnabaki na shimo barabarani. Ni salama zaidi kalvati nzima ikae upande mmoja.

Sasa tuje kwenye maji, maana changarawe ndiyo kazi ya mwisho kabisa.

Maelezo yenu yanaonyesha makosa mawili tofauti. Bomba ni dogo, hilo mnalijua. La pili ndilo linaloumiza nyumba: bomba likizidiwa, barabara inateremka kutoka pale kwenye kijito, kwa hiyo maji yanapata mfereji mpya ulio tayari. Hata mkiweka bomba kubwa mara nne, siku litakapozibwa na gogo maji yatafuata njia ileile. Mhandisi anayepima kalvati ya barabara ya msituni lazima ajibu swali hili kwanza: ikishindwa, maji yataenda wapi?

Jibu lake ni mbonyeo. Upande wa mteremko, mita chache baada ya kalvati, barabara ishushwe kidogo kisha ipandishwe tena, ili maji yaliyofurika yavuke barabara palepale na kurudi kijitoni. Kina cha sentimita 30 chini ya usawa wa barabara inayofuata kinatosha kwa kijito kidogo, lakini mbonyeo usambazwe kwenye urefu wa mita 20 hadi 30. Ukiwa mfupi, lori refu la magogo litagusa chini au kupindisha mzigo. Uso wake na ukingo wa kutokea uwekwe mawe ya sentimita 20 hadi 30 yaliyofungamana, au zege. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bomba, na kwa mfuko wa mafuriko hii ndiyo hoja yenu yenye nguvu kuliko zote.

Ukubwa wa kalvati unatokana na eneo linalokusanya maji juu yake. Chukueni ramani yenye mistari ya mwinuko, chora mpaka kwa kufuata migongo ya vilima, kisha mtembee juu ya mpaka huo kuuthibitisha. Mitaro ya zamani na njia za kuburutia magogo mara nyingi huleta maji kutoka bonde la jirani bila ramani kuonyesha. Kwa maeneo madogo, chini ya hekta 80 hivi, hesabu hii inatosha:

mita za ujazo kwa sekunde = hekta × ukali wa mvua (milimita kwa saa) × kiwango cha maji yanayotiririka (sehemu ya mvua isiyonywewa na udongo, kati ya 0 na 1) ÷ 360

Tuseme eneo ni hekta 20, na maji ya kona ya mbali kabisa huchukua dakika 20 kufika kwenye kalvati. Mnatafuta mvua kali ya dakika 20, si wastani wa siku nzima; hapo ndipo wengi hukosea na kupata bomba dogo. Ikiwa ukali huo ni milimita 80 kwa saa, na msitu umesimama kwenye udongo wa mfinyanzi wenye mteremko (kiwango 0.35), jibu ni 20 × 80 × 0.35 ÷ 360, yaani kama mita za ujazo 1.6 kwa sekunde. Msitu huohuo ukishavunwa wote na udongo kukanyagwa na mashine, kiwango kinaweza kufika 0.5, na maji yanakuwa 2.2. Pimeni kwa hali ya baada ya kuvuna. Kalvati itakuwepo pale miti ikiwa haipo, na barabara mnayoomba fedha ndiyo itakayoiondoa.

Bomba la bati lenye mikunjo, maji yakiwa yamefika usawa wa juu wa mdomo wa kuingilia, hupitisha takriban hivi: milimita 450, mita za ujazo 0.15 kwa sekunde. La 600, kama 0.3; la 900, kama 0.8; la 1,200, kama 1.7; la 1,500, kama 3. Kwenye mfano wetu bomba lenu la sasa lingebeba chini ya sehemu moja ya kumi ya maji. Ningechukua la 1,500, kwa kuwa nafasi ya ziada ndiyo inayopitisha matawi. Msiweke mabomba mawili madogo badala ya moja kubwa: tawi hukaa kati ya midomo miwili, majani yanalishika, na midomo yote inaziba kwa pamoja.

Ugumu wa bomba la 1,500 ni kimo. Linahitaji juu yake udongo ulioshindiliwa usiopungua sentimita 50 hadi 60 kwa malori mazito, hivyo barabara iwe juu ya sakafu ya kijito kwa zaidi ya mita mbili. Kama kimo hicho hakipo, wekeni kalvati ya boksi yenye upana mkubwa na kimo kifupi, au drifti ya zege ambayo maji hupita juu yake. Kwa barabara inayotumika kiangazi tu, drifti haina mshindani. Haizibi, na mafuriko makubwa huipita bila kuibomoa ikiwa imezikwa vizuri pande zote mbili. Mahali ambapo samaki hupanda mto, sakafu ya kalvati iwe chini ya usawa wa kijito ili changarawe ya asili ikae ndani. Mamlaka ya maji itauliza hilo kabla ya kutoa kibali.

Wakati wa kuweka bomba, kaeni na fundi pale pale. Kitanda chake kisiwe na jiwe linalochomoza, kwa sababu uzito wote wa lori hukaa kwenye ncha hiyo. Udongo wa pembeni uwekwe kwa tabaka za sentimita 15, pande zote mbili kwa pamoja, na kila tabaka lishindiliwe kwa mashine ndogo mpaka chini ya mbavu za bomba, mahali ambapo koleo halifiki kirahisi. Mapengo ya hapo ndiyo chanzo cha maji kupenya nje ya bomba, na ndani ya msimu mmoja kalvati huning'inia. Mdomo wa kutokea uishie kwenye usawa wa kijito. Ukining'inia juu, maporomoko yake yatachimba shimo na kurudi nyuma kula barabara.

Kuna jambo ambalo mkaguzi wa mfuko wa mafuriko ataliuliza, na afadhali mlijibu kabla hajauliza. Bomba dogo lililozibwa limekuwa bwawa lenu bila nyinyi kutaka. Mkilifungua, maji mengi zaidi yatafika chini kwa haraka. Pimeni mkondo unaopita karibu na nyumba: upana, kina, mteremko, na kivuko chembamba kuliko vyote. Kama kuna kalvati nyingine chini isiyoweza kubeba mita za ujazo 2.2 kwa sekunde, mradi wenu utahamisha mafuriko tu, na mkaguzi atakuwa na haki ya kuukataa.

Mitaro ya pembeni nayo ina sehemu yake. Maji ya mtaro yasiachwe yasafiri mbali kabla ya kuvushwa kwenda msituni. Kwa udongo unaomomonyoka kirahisi, barabara yenye mteremko wa hadi asilimia 3 ivushwe maji kila mita 75. Asilimia 4 hadi 6, kila mita 50. Asilimia 7 hadi 9, kila mita 40. Asilimia 10 hadi 12, kila mita 35. Kwenye udongo mgumu mnaweza kuongeza umbali huo kwa nusu au zaidi. Bomba la kuvushia likatize barabara kwa mshazari wa nyuzi kama 30, lisipungue milimita 450, na lisimwage maji kwenye udongo uliojazwa bila mawe. Mtaro wa mwisho kabla ya kijito umwage maji msituni, si kijitoni, ili tope libaki kwenye majani.

Kuhusu changarawe: kilomita 3.2 kwa upana wa mita 4 na unene wa sentimita 20 ulioshindiliwa ni mita za ujazo 2,560. Ikiwa haijashindiliwa, ongezeni asilimia 30, yaani kama 3,330. Kwa tipa la mita za ujazo 10 ni safari 333. Sidhani mnahitaji zote. Tembeeni baada ya mvua, wekeni vigingi pale gurudumu linapozama, na ombeni changarawe ya sehemu hizo pamoja na vilima vikali na mbonyeo. Barabara iwe na mgongo wa asilimia 4 hadi 5. Kwa upana wa mita 4, katikati iwe juu ya kingo kwa sentimita 8 hadi 10. Mwageni changarawe kuanzia upande wa machimbo, ili tipa litembee juu ya kazi iliyokamilika na siyo juu ya udongo mbichi.

Tani 12,000 kwa lori la tani 25 ni safari 480 zenye mzigo. Andikeni namba hiyo kwenye andiko, kisha andikeni mtakavyodhibiti uzito. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, uharibifu unakuwa mara mbili hivi. Sharti la kupima mzigo, pamoja na siku za kusimamisha usafirishaji baada ya mvua, hugharimu kidogo na huweza kuongeza alama za andiko lenu. Malori yanayoweza kupunguza upepo wa matairi kwenye udongo laini husaidia pia, lakini yarudishe upepo kabla ya kuingia lami.

Tahadhari juu ya mabwawa ya kutua tope. Yanafaa, lakini msiyauze kama kinga ya mafuriko. Mvua ya mfano wetu, milimita 27 kwa dakika 20, huleta kama mita za ujazo 2,700 za maji kutoka hekta 20, kwa kiwango cha 0.5 cha baada ya kuvuna. Bwawa la mita 20 kwa 10 lenye kina cha mita moja hubeba 200. Vizuizi vya magogo vilivyolazwa kukatiza kijito hupunguza kasi ya maji vikiwa vingi, vikiwa na nafasi chini ya kupitisha maji ya kawaida, na vikiwa vimefungwa kingoni. Visiwekwe karibu na kalvati, upande maji yanakotoka. Kimoja kikikatika, kinakuja kuziba mdomo. Kwa sababu hiyohiyo mabaki ya uvunaji yakae mita 10 au zaidi kutoka kijitoni.

Kwenye ushahidi, picha ya maji barabarani bila kipimo haina uzito. Simamisheni fito iliyowekewa alama za sentimita pale kwenye kalvati na mlangoni mwa nyumba ya kwanza, pigeni picha zenye tarehe, na andikeni mvua ya siku hiyo kutoka kwenye kipimo cha mvua. Ambatisheni ridhaa za maandishi za wenye ardhi ambako mitaro itamwaga maji, kibali cha mamlaka ya maji, na mpango wa matunzo unaotaja nani atasafisha midomo ya kalvati kabla ya msimu wa mvua na baada ya kila mvua kubwa. Mkiulizwa kiwango cha mvua mlichotumia, jueni maana yake: kalvati iliyopimwa kwa mvua ya miaka 10 (mvua kubwa inayotarajiwa, kwa wastani, mara moja kila miaka 10) ina uwezekano wa asilimia 88 wa kuzidiwa angalau mara moja ndani ya miaka 20; iliyopimwa kwa mvua ya miaka 50, asilimia 33. Kwa nyumba zilizo bondeni, tumieni ya miaka 50 au zaidi.

Na msianze kuchimba kabla ya barua ya idhini. Mifuko mingi hailipi kazi iliyoanza mapema, hata kama ni mtaro mmoja uliochimbwa kwa mikono. Mvua ikitishia kabla ya hapo, safisheni bomba la zamani na fungueni mbonyeo wa muda kwa jembe, na mwandikieni ofisa wa mfuko siku hiyohiyo kwamba hayo ni matunzo ya kawaida wala si mwanzo wa mradi.