Mstari Mweusi Kwenye Nyonga ya Mtoto

SWALI: Habari Mwalimu. Kijana wangu ana miaka 12. Juzi akicheza mpira shuleni aliangukia ubavu, sasa anachechemea. Kwenye kliniki walimpiga picha, daktari akasema hakuna kilichovunjika, apumzike tu. Lakini nilipoiinua ile picha dirishani niliona mstari mweusi umekata tundu la nyonga, na upande wa pili vilevile. Kuna mzee mtaani hukanda mifupa. Anasema nyonga imepasuka kote kuwili na irudishwe kabla haijashika vibaya. Nimwamini nani? – Mama wa Kayole

JIBU: Pole, mama. Mwamini daktari, na mzee asimguse mtoto. Ushahidi umeutoa wewe mwenyewe: mstari uko kulia na kushoto, ilhali kijana aliangukia ubavu mmoja. Ufa wa kuanguka haujipangi hivyo.

Unachokiona ni gegedu, ile sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa. Mfupa wa nyonga ambao kwetu watu wazima ni mmoja kila upande, kwa mtoto bado ni mitatu. Wa juu, ule mpana, ni iliumu. Ukishika kiuno kama abiria anayedai chenji yake kwa makanga, mikono inakaa juu ya ukingo wake. Wa chini kwa nyuma ni iskiumu, ndio tunaoukalia. Wa mbele ni pubisi, unaokutana na mwenzake wa upande wa pili pale kinenani. Yote mitatu hukutana ndani ya tundu linalopokea kichwa cha fupa la paja. Iliumu na iskiumu hujenga takriban sehemu mbili kwa tano za tundu hilo kila mmoja, pubisi hutoa moja iliyobaki. Mpaka wao ni gegedu lenye umbo la herufi Y. Kwenye eksirei mfupa hutoka mweupe lakini gegedu halionekani, ndiyo sababu pale pana weusi.

Na gegedu hilo lina kazi. Ndilo linalolipanua tundu kadiri kichwa cha fupa la paja kinavyokua. Likiumia likafunga mapema, tundu hubaki na kina kidogo na nyonga huja kusumbua baadaye. Kwa wasichana wengi hugeuka mfupa kati ya miaka 12 na 14, wavulana 14 hadi 16 hivi. Ukingo wa juu wa iliumu huchelewa zaidi; hata mtu wa miaka 20 unaweza kuukuta haujamaliza kushikana.

Kama kijana anapenda mambo ya kale, mpeleke Makumbusho ya Kitaifa hapa Nairobi akaone habari za yule mvulana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa binadamu wa kale iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 kule Nariokotome. Aliishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita na alikufa kabla hajakomaa, kwa hiyo sehemu tatu za nyonga yake zilikuwa hazijaungana. Hakuna aliyesema amepasuka.

Nimefundisha wauguzi na watu wa tiba ya viungo miaka mingi, na sijaona mfupa unaowatesa wanafunzi kama huu. Fuvu wanalipenda, lina sura. Huu wa nyonga wanaugeuza mezani kama anayetafuta mdomo wa gunia. Nilikuwa nawaambia: tundu litazame nje, shimo kubwa lile liwe chini, bonde kubwa unapopita mshipa wa fahamu wa mguu liwe nyuma. Ukishaushika hivyo, wenyewe unakuambia ni wa kulia au wa kushoto.

Sasa nisikilize vizuri, maana picha nzuri haimalizi habari. Kati ya miaka 10 na 16 hivi, kichwa cha fupa la paja kinaweza kuteleza kutoka kwenye shingo yake, pale kwenye gegedu la kukulia. Ujanja wake ni kwamba mtoto anaweza kulalamikia goti, kwa kuwa nyonga na goti hushiriki neva, yaani mishipa ya fahamu. Watu wanapaka goti dawa wiki nzima. Kwa hiyo kijana akiendelea kuchechemea baada ya siku chache, akiumwa kinenani, pajani au gotini, mrudishe, na uulize kama nyonga zote mbili zimepigwa picha kwa mbele na kwa ubavu. Akishindwa kabisa kukanyaga, mguu ukigeukia nje, au akipata homa, usingoje kesho. Hapo ndipo ninapomkataza yule mzee: kichwa kilichoteleza kikivutwa kwa nguvu kinaweza kukatiwa damu, na mfupa usio na damu hufa.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mtu wa boda Kawangware. Nikikaa muda mrefu kwenye pikipiki, mifupa ya makalio inawaka, na siku nyingine mguu wa kulia unakufa ganzi. Ni nyonga?

JIBU: Ni mambo mawili, kaka. Kinachowaka ni kinundu cha iskiumu. Ukisimama, msuli mkubwa wa kalio hukifunika. Ukikaa msuli husogea na mfupa hubaki umekalia ngozi na mafuta kidogo tu. Misuli ya nyuma ya paja nayo inaanzia hapohapo. Ongeza sponji kwenye kiti, na mkingoja wateja stejini simama badala ya kukaa juu ya pikipiki.

Ganzi ni habari ya neva, na mara nyingi hutoka mgongoni. Ikishuka chini ya goti, au mguu ukikosa nguvu, ona daktari. Ukifa ganzi sehemu za siri au ukashindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama pochi hukaa mfuko wa nyuma upande huo wa kulia, ihamishe leo.