Doa la Dari Halionyeshi Maji Yalikoingilia: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kukarabati Nyumba Zilizolowa

Nyumba ya kwanza niliyoachiwa niisimamie peke yangu ilikuwa Tegeta, Dar es Salaam, na tatizo lake lilionekana dogo: doa la rangi ya chai, la ukubwa wa sahani, kwenye dari ya jipsamu ya sebuleni. Nilipanda ngazi, nikakata kipande kilichooza, nikaweka kipya, nikapiga skimu na rangi, nikalipwa. Masika yalipoanza doa lilirudi pale pale. Nikaenda tena, na safari hii nikapaka rangi ya mafuta nikiamini kwamba itazuia maji yasipite. Kweli hayakupita, yalijikusanya juu ya dari kama yaliyo kwenye karai, na usiku mmoja bodi mbili zikaangukia makochi. Mama mwenye nyumba hakunifokea. Aliniuliza tu kama nilikuwa nimewahi kupanda juu ya bati, nami sikuwa nimepanda hata mara moja.

Maji yalikuwa yakiingilia umbali wa karibu mita nne kutoka lilipokuwa doa, kwenye gata (mfereji wa kukusanya maji) la ndani la paa la kuficha, yaani paa la mteremko mdogo lililofichwa nyuma ya ukuta unaolizunguka. Yaliteremka juu ya mbao ya kenchi, ile fremu inayobeba paa, hadi yalipokutana na msumari, na hapo ndipo yalipodondoka. Tangu siku hiyo sijagusa doa lolote kabla ya kuifuata njia ya maji kinyumenyume, kutoka yanapoonekana hadi yanapoanzia, na ninawaomba nyinyi mnaoingia katika kazi hii mjizoeze jambo hilo kabla ya kujifunza kushika mwiko.

Anzeni kwa kumhoji mwenye nyumba, kwa maana yeye ameishi na tatizo hilo na nyinyi mmefika leo. Muulizeni doa linakua wakati gani. Likiwa linakua hata kiangazi, msipoteze muda kwenye paa. Tafuteni bomba, bafu au kiyoyozi. Likitokea mvua inapopigwa na upepo wa upande mmoja tu, angalieni ukuta na dirisha la upande huo, hasa ukingo wa chini wa fremu ya alumini ambako silikoni huachia. Likianza saa moja au mbili baada ya mvua kuanza, badala ya papo hapo, mara nyingi maji yamejaa mahali kwanza ndipo yakafurika. Majibu ya namna hii yameniokolea siku nyingi za kubomoa.

Baada ya maswali, pimeni. Fungeni koki zote ndani ya nyumba, andikeni namba zilizo kwenye mita ya maji, kisha rudini baada ya saa moja: kama namba zimesogea, kuna bomba linalovuja baada ya mita. Nyumba inayotumia simtanki wekeeni alama ya chaki kwenye usawa wa maji usiku, watu wakishalala, na mwisome asubuhi kabla mtu hajaoga. Choo cha kukaa mnakitilia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi lake la nyuma. Rangi ikionekana bakulini bila mtu kuflashi, mpira wa chini umechoka. Na kwa ukuta unaotoa jasho, bandikeni kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, mkizungushia utepe wa gundi pande zote nne, mkiache hadi kesho yake. Unyevu ukiwa nyuma ya nailoni umetoka ndani ya ukuta. Ukiwa juu ya nailoni ni wa hewa ya chumba, na dawa yake ni kupitisha hewa, wala si kubomoa plasta.

Sasa kuhusu visababishi vyenyewe, kwa jinsi nilivyovikuta Dar es Salaam. Paa la kuficha ndilo linalonipa kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote, nami sifichi kwamba silipendi, ingawa wateja wanalipenda kwa sura. Paa la kawaida likiwa na kasoro humwaga maji nje ya nyumba. Paa la kuficha humwaga ndani, kwa sababu mteremko wake ni mdogo na maji yote huishia kwenye gata lililofungiwa nyuma ya ukuta. Fanyeni hesabu: mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000 za maji, yaani simtanki tano za lita 1,000. Mzigo huo unategemewa upite kwenye matundu mawili ya bomba la inchi 2, na majani ya mwarobaini yakishaziba moja, lililobaki halitoshi. Mkipewa nafasi ya kurekebisha, wekeni mabomba ya inchi 4, na toboeni kwenye ukuta ule tundu la dharura lililo chini kuliko ukingo wa bati, ili siku bomba likiziba maji yamwagike nje na mwenye nyumba ayaone.

Mabomba nayo yana hadithi yake. Bomba la PPR, lile la plastiki ngumu, huunganishwa kwa moto wa takriban nyuzi 260, na la milimita 20 halihitaji zaidi ya sekunde tano hivi za kupashwa. Fundi anayezidisha hulifunga tundu kwa ndani. Anayepunguza huacha kiungo kinachoshika mwaka mmoja kisha kikaanza kutoa machozi ndani ya ukuta. Kinachonisikitisha ni kwamba kosa hilo lingeonekana siku ile ile kama bomba lingejazwa maji kwa pampu ya kupimia, kwa mgandamizo mkubwa kuliko wa matumizi, kabla ya kupigwa plasta. Wengi hupiga plasta jioni ile ile. Ongezeni hapo mgao wa maji: mtu anafungua koki, anakuta kavu, anasahau kuifunga, kisha maji yanarudi saa tisa usiku wakati sinki lina vyombo vilivyoziba tundu. Na simtanki iliyo juu ya mnara, floti (boya linalofunga maji tangi likijaa) ikikwama na bomba la kumwagia maji yanayozidi likiwa halikuwekwa, humwaga kwenye ukuta ule ule kila siku maji yanapotoka, hadi ukuta unaota mwani.

Bafuni kuna imani moja inabidi muivunje mapema: vigae havizuii maji. Maji hupita kwenye mistari iliyo kati ya vigae, na kinachoyazuia ni tabaka la dawa lililopakwa chini yake na kupandishwa ukutani. Kabla ya kupanga vigae, zibeni tundu la sakafu, jazeni maji ya kina cha sentimita tano, na myaache kwa saa 24 mkiangalia dari ya chini na kuta za pembeni. Viyoyozi navitaja kwa ufupi tu, kwa kuwa tatizo lao ni moja: bomba dogo la kutolea maji limeziba kwa vumbi na utelezi, au fundi aliliweka likipanda badala ya kushuka.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini ni mgumu zaidi, na hapa ndipo wateja hutapeliwa sana. Plasta inamung'unyika kwa kiasi cha magoti, rangi inavimba, unga mweupe unatoka, naye mwenye nyumba ameambiwa ni "fangasi" na kuuziwa dawa ya kupaka. Unga ule ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali kwa sababu nailoni ya msingi, ile inayotandazwa juu ya msingi kuzuia unyevu usipande, haikuwekwa, au iliwekwa lakini baadaye mwenye nyumba akapanga pevingi au kumwaga udongo nje hadi juu ya usawa wake. Niliwahi kumaliza tatizo la miaka kadhaa kwa kuchimba kifusi cha nje tu, sentimita 20 kuzunguka nyumba, na kuyapa maji njia ya kuondoka. Dawa ya kupaka haikuhitajika. Jihadharini pia na kipima unyevu chenye pini kwenye kuta za aina hiyo, kwa kuwa chumvi humdanganya mpimaji akaona ukuta mkavu kuwa ni mbichi. Linganisheni siku zote na ukuta mkavu wa nyumba ile ile.

Wale mtakaovuka kwenda kufanya kazi Mji Mkongwe wa Zanzibar, acheni saruji ya plasta bandarini. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa zimejengwa ili zipumue, na saruji ikizifunika, unyevu unaobaki ndani huzidi na kuzifikia boriti za mikoko pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo hamtaona uozo hadi sakafu ianze kulegea.

Kukausha ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo sehemu ambayo mteja hataki kuilipia, kwa kuwa anaona mtu haonekani akifanya chochote. Chanzo kikishazibwa, ondoeni kila kinachoshikilia maji: sketi za ukuta (mbao au vigae vinavyozungushiwa chini ya ukuta), zulia, kabati zilizoegemezwa ukutani, na plasta iliyolegea hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Jipsamu iliyolowa msijaribu kuiokoa, kwa kuwa karatasi yake ni chakula cha ukungu na ukungu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Kisha wekeni feni zinazopiga kwa ubavu wa ukuta, pamoja na mashine ya kunyonya unyevu wa hewa kama ipo. Kama haipo, kiyoyozi kilichowekwa kwenye hali ya kukausha kinasaidia. Wakati wa masika, mkiwa na mashine, fungeni madirisha. Wengi hushangaa, lakini hewa ya nje siku za mvua ina maji mengi kuliko mnayojaribu kuyatoa. Wala msiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, jambo nililomkuta fundi mmoja akilifanya kwa nia njema kabisa; hewa ya mkaa inaua bila kutoa harufu ya kumwamsha mtu.

Kipimo cha kukisia cha mafundi wa zamani ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta uliolowa hadi ndani. Mashine hupunguza muda huo, lakini haziufuti. Ukuta uliopigwa skimu na rangi ndani ya wiki moja utavimba, na mtarudi kuufanya bure.

Mafuriko ni jambo jingine, na msiyaweke kundi moja na bomba lililopasuka. Maji yaliyoingia nyumba za Jangwani na Kigogo Desemba 2011, yale yaliyofanya wakazi wengi wahamishiwe Mabwepande, hayakuwa maji ya mvua peke yake. Mashimo ya vyoo hufurika, na wapo wanaoyafungua makusudi mvua inaponyesha ili yatapike. Kwa hiyo msiingie kabla mein switchi haijazimwa na mtu mwenye ujuzi, na msiingie bila buti na glavu. Magodoro, mazulia na mbao za chipubodi mnatoa nje moja kwa moja. Samani za mninga zinaweza kuoshwa na kukaushwa taratibu kivulini. Tope lioshwe kwa maji na sabuni kwanza, kwa kuwa klorini ikimwagwa juu ya uchafu nguvu yake huishia kwenye uchafu. Ndipo mchanganye jiki ya asilimia 3.5 kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, bila kuichanganya na dawa yoyote ya asidi ya kusafishia vigae.

Andikeni kila kitu: picha za kabla, vipimo vya unyevu na tarehe zake, na mahali mlipofungua ukuta. Mwenye bima atavihitaji, kwa kuwa bima nyingi hutofautisha bomba lililopasuka ghafla na lililovuja miezi bila kushughulikiwa. Asiye na bima atavihitaji siku fundi mwingine atakapomwambia kwamba hamkufanya kazi.

Kwenye mkataba wangu sasa kuna mstari mmoja unaosema kwamba sehemu ya mwisho ya malipo italipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza. Siku hiyo huenda mwenyewe, na badala ya kukaa sebuleni kutazama rangi mpya, ninaomba ngazi na tochi, ninapanda darini, na kuipapasa ile mbao ya kenchi kwa kiganja.