Maswali ya Wasomaji: Saa ya Mkono Inayosomeka Gizani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni nahodha wa boti ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Tunaingia ziwani jioni, tunawasha taa, tunasubiri dagaa wakusanyike, kisha tunavuta wavu mara mbili au tatu hadi kunapokaribia kucha. Kazi hiyo inataka kujua muda, na simu siitegemei tena kwa sababu moja imekwisha kunizamia. Nimenunua saa mbili katika miaka mitatu. Ya kwanza ilikuwa ya mishale. Muuzaji aliimulika kwa tochi, akaifunika kwa viganja, ikang'aa kijani kama macho ya paka, lakini ziwani ilipofika saa nane usiku sikuona hata mshale mmoja. Ya pili ilikuwa ya dijitali, nyuma yake imeandikwa kwamba inahimili maji ya mita 30, nayo ikaota ukungu ndani ya kioo kabla ya mwaka kwisha. Naomba unielekeze saa ya namna gani itadumu na kusomeka gizani.

Nahodha, Kibirizi, Kigoma

JIBU: Ndugu Nahodha, pole kwa hasara hizo mbili. Saa yako ya kwanza huenda haikuwa mbovu kabisa, ila uliuziwa kwa jaribio ambalo karibu saa yoyote yenye rangi ya kung'aa ingelifaulu. Rangi ile haitengenezi mwanga, huuhifadhi. Huunywa kutoka kwenye jua au taa, kisha huutoa kidogo kidogo, na sehemu kubwa ya mwanga huo hutoka mapema, ndiyo maana saa iliyomulikwa sasa hivi hupendeza na saa ileile baada ya muda huwa kama imezimika. Rangi za zamani, ambazo bado hupakwa kwenye saa nyingi za bei ya chini, zimetengenezwa kwa salfaidi ya zinki na hufifia haraka mno. Rangi bora zaidi hutumia strontiamu aluminati, iliyoletwa sokoni na kampuni ya Nemoto ya Japani mwaka 1993, nayo ikipakwa kwa unene wa kutosha huweza kuonekana kwa unyonge hadi alfajiri, mradi jicho la anayetazama limekwisha kuzoea giza.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalokuhusu wewe kuliko mtu mwingine. Jicho la binadamu huhitaji takriban dakika 20 hadi 30 ili lizoee giza vizuri, na kutazama taa kali kwa muda mfupi tu huharibu sehemu kubwa ya mazoea hayo. Mlinzi wa ghala anayekaa kizani usiku kucha ataisoma saa yenye rangi nzuri saa kumi alfajiri bila taabu. Wewe umekaa karibu na karabai au taa za sola zinazowaita dagaa, kisha unageuka upande wa tezi, yaani nyuma ya boti, kutazama mkono wako ulio kivulini, na jicho lako bado limejaa mwanga wa taa. Hata rangi iliyo bora kuliko zote ingekuonekania hafifu katika hali hiyo. Kwa sababu hiyohiyo sikushauri utafute saa zenye vijibomba vya kioo vilivyotiwa gesi ya tritiamu, ingawa wanaozipenda huzisifu sana. Ni kweli kwamba hizo hazihitaji kumulikwa, kwani mnururisho (mionzi) dhaifu wa gesi hiyo huiwasha rangi iliyo ndani ya kijibomba mchana na usiku, na mwanga wake hupungua hadi nusu baada ya miaka 12 hivi tu. Lakini mwanga wenyewe ni mdogo, bei yake ni kubwa, na si saa utakazozikuta kwa urahisi kwenye maduka ya Kigoma mjini.

Kwa kazi yako mimi ningechagua saa ya dijitali yenye taa yake ndani, inayowaka kwa kubonyeza kitufe. Taa hizo nazo hazilingani. Casio F-91W, saa nyembamba ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na ambayo kila mmoja wetu amewahi kuiona kwenye mkono wa mtu, ina taa ndogo ya kijani inayomulika kutoka upande mmoja, kiasi kwamba tarakimu za upande huo huonekana vizuri na za upande wa pili hubaki kwenye kiza. Inafaa kwa mtu anayeamka usiku kujua kama kumekaribia kucha, lakini haifai kwenye chombo kinachoyumba. Zipo saa ambazo uso mzima huwaka kwa pamoja kutokea nyuma ya tarakimu, kama zile za Timex zenye taa iitwayo Indiglo, iliyoanza mwaka 1992, na baadhi ya saa za Casio G-Shock, kwa mfano DW-5600E. Tarakimu huwa nyeusi juu ya uso unaong'aa, na hata jicho lililotoka kwenye karabai huzisoma mara moja. Jihadhari na saa ambazo uso wake ni mweusi na tarakimu ndizo nyeupe. Vijana huzipenda kwa sura, lakini wakati wa magharibi, kabla giza halijakaza na hujaona haja ya kuwasha taa, zinasumbua kusoma kuliko zile za kawaida.

Kasoro ya kitufe ni kwamba kinadai mkono wa pili, na unapovuta wavu mkono huo haupo. Nimewahi kumwona mvuvi mmoja akikibonyeza kwa kidevu, na sikumcheka, kwa maana alikuwa amepata dawa ya tatizo. Baadhi ya G-Shock huwasha taa zenyewe unapouinamisha mkono kuelekea usoni. Kama utachagua ya namna hiyo, tafuta inayochajiwa na jua, kwa sababu mkono wa mvuvi huinama mara nyingi sana kwa usiku mmoja na betri ya kawaida italia mapema.

Ikiwa hata hivyo moyo wako uko kwenye saa ya mishale, nami nawaelewa wanaozipenda, basi usiangalie ukali wa mng'ao peke yake. Angalia alama ya 12 kwanza. Kwenye saa nyingi za bei nafuu alama zote ni vijidoti vinavyofanana, na mkono ukiwa umepinda ndani ya boti gizani huwezi kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Kwetu sisi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa tumezoea kusoma namba inayokabiliana na mshale: mshale mfupi ukiwa kwenye 2 tunasema saa nane. Ukiikosea juu na chini utaisoma saa nane kuwa saa mbili, na kama umekesha utaamini. Kwa hiyo alama ya 12 iwe pembetatu au mistari miwili, mshale wa saa utofautiane wazi na wa dakika kwa umbo na si kwa urefu tu, na rangi iwe imepakwa kwa unene unaoonekana kwa jicho mchana. Saa iliyoandikwa neno DIVER'S usoni pamoja na kina cha mita 100 au zaidi, kama si ya bandia, imetengenezwa kufuata kanuni ya kimataifa ya ISO 6425, ambayo pamoja na mambo mengine hutaka saa isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25. Jaribio la dukani nalo libadilishe: imulike kwa dakika moja, iache ndani ya droo au mfuko mweusi, nenda kanunue mahitaji yako mengine sokoni Mwanga, urudi baada ya nusu saa uitazame kizani. Muuzaji akikataa kusubiri nusu saa, amekwisha kukujibu. Ukiinunua, iweke juani kabla ya kuingia ziwani, na usiifunike kwa mkono wa koti, kwa sababu saa iliyoshinda chini ya koti haina mwanga wa kukurudishia.

Sasa maji, yaliyokuulia saa ya pili. Maandishi ya mita 30 hayana maana kwamba unaweza kuzama nayo mita 30. Yanaeleza shinikizo ambalo saa mpya ilihimili ikiwa imetulia katika jaribio, na kwa matumizi ya kila siku maana yake ni mvua na kunawa mikono, basi. Mita 50 huvumilia kuogelea kidogo, mita 100 ni kiwango cha chini ambacho ningempa mtu anayefanya kazi ndani ya boti, na mita 200 ni bora zaidi. Casio W-800H ni mfano wa saa ya bei ya wastani yenye kiwango cha mita 100 na betri iliyokusudiwa kudumu miaka 10. Uso wake hauwaki kwa usawa kama wa DW-5600E, yenye mita 200, lakini ni saa ya kazi. Kiwango chochote kile hushikiliwa na vipete vya mpira vilivyomo chini ya mfuniko wa nyuma na kwenye vitufe, na mpira huzeeka. Usibonyeze vitufe saa ikiwa ndani ya maji. Usiioshe kwa petroli hata kama ndicho kilichopo karibu na injini, na ukipaka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, futa mkono kabla ya kuvaa saa, kwani dawa hiyo hulainisha aina nyingi za plastiki.

Ukungu uliouona ulikuwa mvuke uliokwisha kuingia mchana, ukagandamana kwenye kioo usiku ziwa lilipopoa. Ukiuona tena usisubiri ukauke wenyewe. Mpelekee fundi saa siku hiyohiyo aifungue, kabla kutu haijaanza. Na kila anapobadilisha betri mwombe akague kile kipete cha mpira, akipake mafuta yake maalumu au akibadilishe. Mafundi wengi wa vibandani hufunga mfuniko bila kukitazama, na hapo saa ya mita 200 huwa imegeuka ya mita sifuri bila wewe kujua. Una bahati moja ambayo wavuvi wa pwani hawana: maji ya Tanganyika si ya chumvi, hivyo kutu haiendi mbio sana. Mchanga ndio adui yako. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo cha kawaida cha saa na hukikwaruza kila unapouburuta mkono kwenye ubao wa boti. Kioo cha yakuti hakikwaruziki hivyo, lakini ni ghali, kwa hiyo mimi ningeridhika na saa ambayo ukingo wake umeinuka kuliko kioo, kama zilivyo G-Shock.

Mkanda wa ngozi uuache dukani. Chukua wa mpira au wa nailoni unaopita chini ya saa mzima mzima, kwa sababu pini moja ikichomoka saa hubaki ikining'inia kwenye pini ya pili badala ya kwenda chini, na chini ya ziwa letu, ambalo kina chake kinafika karibu mita 1,470, hakuna wa kukuletea.

Neno moja kuhusu saa za bandia, kwa maana zimejaa. Kwenye F-91W halisi, ukikishikilia kitufe cha kulia kwa sekunde chache, uso huandika jina la Casio. G-Shock halisi ina namba ya mtambo iliyochongwa ndani ya kisanduku kidogo kwenye mfuniko wa nyuma. Ilinganishe na namba iliyo kwenye kijitabu chake. Bei ikiwa ya kushangaza, shangaa.

Ndugu Mhariri,

Je, saa hizi za kisasa zinazounganishwa na simu hazifai kwa kazi ya usiku?

Mwalimu, Mwandiga

JIBU: Zinasomeka vizuri sana gizani, Mwalimu, na nyingine mwanga wake hata huumiza jicho. Tabu ni kuchaji. Nyingi hudumu siku moja hadi wiki mbili, na saa inayozimika katikati ya zamu ni bangili. Kama umeme kwako ni wa uhakika, nunua. Kama si hivyo, betri ya miaka kadhaa inakufaa zaidi.

Ndugu Mhariri,

Marehemu babu alituachia saa ya mishale ya zamani, namba zake zimepakwa rangi ya kahawia iliyopauka. Bibi anasema zamani iling'aa usiku kucha bila kumulikwa, lakini sasa haing'ai. Nataka kumpelekea fundi aikwangue na kupaka rangi mpya. Unashauri nini?

Mjukuu, Ujiji

JIBU: Usimpelekee bado, Mjukuu wangu, na wewe mwenyewe usiifungue. Saa iliyong'aa usiku kucha bila kumulikwa huenda ilipakwa radiamu, madini yenye mnururisho yaliyotumika kwenye saa hadi miaka ya 1960. Wasichana waliokuwa wakipaka rangi hiyo huko Orange, New Jersey, nchini Marekani, kuanzia mwaka 1917, walikuwa wakiichonga ncha ya brashi kwa midomo yao, na wengi wao waliugua mifupa ya taya na kufa. Kuzimika kwa mng'ao hakuonyeshi kwamba radiamu imekwisha. Kilichochoka ni unga wa salfaidi ya zinki uliokuwa ukipokea mnururisho na kuugeuza mwanga, ilhali radiamu yenyewe huhitaji takriban miaka 1,600 ili ipungue hadi nusu.

Tazama chini kabisa ya uso wa saa, karibu na namba 6. Ukikuta herufi T imeandikwa, ilipakwa tritiamu, ambayo baada ya miaka yote hiyo imebaki kidogo sana. Usipoikuta, ichukulie kuwa ni radiamu. Ikiwa kioo ni kizima, saa iliyofungwa haina hatari kubwa ikikaa kabatini kama kumbukumbu, ila isilale chini ya mto wala kuvaliwa kila siku, na watoto wasiichezee. Hatari kubwa iko kwenye vumbi la rangi likivutwa puani au kuingia mdomoni, na kuikwangua ndiko kunakotoa vumbi hilo. Kama kioo kimepasuka, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha vumbi, nawa mikono, kisha uulize Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania namna ya kuikabidhi.