Kinamasi Hakipimwi Kiangazi

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu ardhi na maji. Anayejibu ni mama mstaafu aliyefanya kazi ya kuchunguza udongo na kushiriki tathmini za mazingira Kanda ya Ziwa.

SWALI: Shikamoo mama. Mtaani kwetu, pembezoni mwa Mwanza, kuna kinamasi cha mafunjo kinachoanzia chini ya nyumba zetu hadi ziwani. Agosti walikuja wapima, wakapiga picha na kuweka bikoni za mipaka. Mwekezaji anataka kumwaga kifusi, ajenge hoteli na kuuza viwanja. Mwenyekiti ametuita mkutanoni mwishoni mwa mwezi huu wa Septemba. Tumeshaambiwa kwamba eneo limekauka, si kinamasi tena, na kwamba mita 60 za ziwa zitaachwa kama sheria inavyotaka. Sisi wakazi tuseme nini?
Mjumbe wa shina, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umesema wapima walikuja Agosti, na mimi naanzia hapo. Agosti kwetu mvua hakuna. Mafunjo ya ukingoni yamechomwa, ng'ombe wanakatiza, watoto wanacheza mpira. Atakayepiga picha siku hiyo ataonyesha uwanja mkavu, na picha yake itakuwa ya kweli. Lakini kinamasi hakijulikani kwa sura yake ya kiangazi. Kinajulikana kwa maji yanayotuama humo kila msimu wa mvua, muda wa kutosha kuubadili udongo na kuchagua mimea ya kuota. Kwa hiyo ombi lenu la kwanza liwe kwamba wataalamu warudi mvua zikishakolea, Novemba au Desemba, na watembee pamoja na wakazi.

Ombi la pili ndilo zito zaidi kwangu: mpaka wa kinamasi uchorwe kwenye ramani kabla ya mchoro wa viwanja. Nimesoma ripoti ambazo viwanja vilishapangwa, barabara zimeshapewa upana, ndipo mtaalamu anatumwa kutafuta maneno ya kuvitetea. Hiyo siiiti tathmini hata ikiwa na kurasa mia tatu.

Mpaka huo hauhitaji maabara kuuona. Chukueni jembe na sepetu. Anzieni kwenye mafunjo mabichi, pandeni taratibu kuelekea kwenye nyumba, na kila hatua ishirini hivi chimbeni shimo la kina cha sentimita 50. Lile la chini litatoa tope jeusi lenye mizizi iliyooza nusu, na mara nyingine harufu ya yai viza. Mkipanda kidogo, udongo utakuwa wa kijivu, pengine unaelekea ubuluu. Vunja bonge lake mkononi, utazame ndani. Ukiona madoa ya rangi ya kutu, hasa yakifuata vijitundu vilivyopitiwa na mizizi, hapo maji hukaa. Udongo uliofunikwa na maji hukosa hewa, na madini ya chuma yaliyomo huyeyuka na kupoteza wekundu wake. Pale mzizi ulipoingiza hewa kidogo, chuma hurudia kutu. Madoa hayo hayafutiki kwa kiangazi kimoja, wala kwa kuchoma mafunjo. Endeleeni kuchimba hadi mfike shimo lenye udongo wa rangi moja, mwekundu au wa kahawia, usio na madoa. Mpaka wenu uko kati ya shimo hilo na lililotangulia. Wekeni kigingi, pigeni picha ya bonge la udongo pamoja na rula, mwandike tarehe. Halafu tazameni bikoni za mwekezaji ziko upande gani.

Waulizeni na wazee. Mvua kubwa za 1961 na 1962, ambazo wengi wanazikumbuka kama mvua za Uhuru, zililipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mei 2020 ziwa lilivuka kidogo hata kiwango kile cha 1964, na waliojenga karibu na maji waliona wenyewe. Mwenye umri wa kutosha awaonyeshe kwa kidole maji yalifika wapi.

Sasa kuhusu mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Ni kinga nzuri, lakini inapimwa kutoka kwenye ukingo wa maji, haipimi kinamasi. Kama kinamasi chenu kina upana wa mita 300, anayeacha 60 amejipa ruhusa ya kufukia 240. Mkumbusheni mwekezaji pia kwamba ukingo wa ziwa hili unatembea. Ukingo wa upi, wa Agosti hii au wa Mei 2020? Ombeni jibu liandikwe. Sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza eneo kuwa ardhioevu inayolindwa, na halmashauri yenu inaweza kuanza kuliombea.

Mtaulizwa kinamasi kina faida gani. Mwanza ni mji wa vilima vya mawe. Mvua ikipiga, maji hayanyonywi na miamba, yanashuka kwa kasi yakiwa yamebeba mchanga, taka na vinyesi vya vyoo vilivyofurika. Yakifika kwenye mafunjo kasi inakufa, mchanga unatua, na mimea inanyonya sehemu ya uchafu. Mkishafukia, maji hayo yataingia ziwani kama yalivyo, na mengine yatarudi mlangoni kwenu kwa kuwa njia imezibwa. Wenzetu wa Kampala wanalijua hilo. Kinamasi cha Nakivubo hupokea maji machafu ya mji kabla hayajaingia kwenye ghuba ileile ambako mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa. Kadiri kilivyolimwa magimbi na kujengwa, ndivyo kazi ya kusafisha maji ilivyozidi kuwa ngumu na ya gharama.

Wavuvi nao waje mkutanoni. Sangara hawezi maji yenye hewa kidogo, kwa hiyo ndani ya mafunjo hafiki mbali. Furu, wale samaki wadogo anaowala, wanaovumilia hali hiyo hujificha humo asiwamalize, na kamongo, anayevuta hewa juu ya maji, hapo ndipo kwake. Ripoti itakayoandika "hakuna samaki wa thamani" kwa sababu mtaalamu alipita na viatu vikavu, ikataeni.

Siku ya mkutano, angalieni sana karatasi ya mahudhurio. Nimeona saini za waliohudhuria zikibandikwa nyuma ya ripoti kana kwamba ni saini za waliokubali. Kabla ya kusaini, andikeni juu ya karatasi kwa kalamu: "Mahudhurio tu." Maswali yenu yapelekeni kwa maandishi, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa ofisi ya mtaa mbaki nayo. Ulizeni mradi umesajiliwa lini kwa taasisi ya taifa ya mazingira, ile tuliyoizoea kwa jina la NEMC. Ombeni kuona hadidu za rejea za utafiti, yaani orodha ya mambo yatakayochunguzwa. Humo ndimo inapoandikwa kama msimu wa mvua utachunguzwa au la, na zikishapitishwa bila hilo, kulidai baadaye ni kazi kubwa. Ombeni pia njia mbadala: je, hoteli haiwezi kukaa juu kwenye mwamba, kinamasi kikabaki kuwa mandhari yake? Utaratibu wa tathmini ni kuepuka kwanza, kisha kupunguza madhara, kisha kurejesha kilichoharibiwa, na fidia huja mwisho kabisa. Ukisikia mtu anaanza na kupanda miti mahali pengine, ameruka hatua tatu. Sina ugomvi na hoteli. Ugomvi wangu ni kufukia maji kisha kuwaachia wakazi wa chini bili.

SWALI: Nimeuziwa kiwanja bondeni Dar es Salaam kwa bei nafuu. Fundi anasema kifusi cha kutosha na msingi mrefu vitamaliza tatizo la maji. Ni kweli?
Baba wa watoto watatu, Ilala

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Maji uliyoyanyima nafasi kwako yatahamia kwa jirani, naye akijaza yatarudi. Chini ya kifusi kuna tope laini linaloendelea kushuka kwa uzito, upande mmoja kuliko mwingine, ndiyo maana kuta za mabondeni hupasuka kimshazari kutoka kona za madirisha. Desemba 2011 bonde la Msimbazi liliua watu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka pale Jangwani, iliyojengwa kwa fedha na uhandisi ambao wewe na fundi wako hamna, imefurika zaidi ya mara moja. Usiagize lori hata moja kwanza. Nenda halmashauri, uombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo, uone kiwanja chako kimepangiwa matumizi gani. Kama kimeandikwa bonde au eneo la wazi, muuzaji alikuuzia kisicho chake kuuza, na shauri lako ni kwake, wala si kwa fundi.

SWALI: Nalima majaruba ya mpunga pembeni ya kinamasi, niliachiwa na marehemu mama mkwe. Sina hati. Nasikia mradi unakuja. Nikipinga, si nitaambiwa mimi ndiye mharibifu wa kwanza?
Mama wa Magu

JIBU: Wanaweza kukuambia hivyo, na jibu lake unalo. Jaruba likiachwa, matete hurudi yenyewe. Kifusi kikishamwagwa hakuna kinachorudi. Usinyamaze kwa kukosa hati. Tathmini inatakiwa kuwataja wote watakaoguswa, na wewe unayelima hapo ni mmoja wao. Kapige picha za majaruba yako wakati mpunga umesimama, umwombe mtendaji na majirani wawili waandike tangu lini familia yenu inalima hapo. Na kuanzia msimu huu usisogeze jaruba jipya kuelekea kwenye maji. Acha mafunjo yaliyopo baina yako na ziwa yasimame yote, hata yale unayoyaonea tamaa.