Ukienda kutazama Noh, usiseme "hii ni kama kwetu"

Mguu wangu wa kwanza kwenye jukwaa la Noh, yale maigizo ya kale ya Kijapani ya kuimba na vinyago, ulikuwa ndani ya soksi nyeusi. Lilikuwa darasa la siku moja la wageni, mjini Kyoto, mwaka wangu wa kwanza wa masomo. Mlangoni tuliambiwa tuvue viatu, nikavua. Hakuna aliyeniambia, au pengine niliambiwa kwa Kijapani nikaitikia "hai" kama kasuku, kwamba jukwaani hapakanyagwi bila tabi, zile soksi nyeupe za kitambaa zinazotenga dole gumba. Bibi aliyekuwa akitufundisha hakufoka. Alivuta pumzi tu, "aa!", na darasa zima likaganda. Nikaurudisha mguu kama niliyekanyaga kaa la moto.

Bibi huyo ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wangu kwa miaka miwili. Naandika haya kwa ajili ya wadogo zangu wanaopata nafasi za kusoma Japani na kuniuliza waanzie wapi na maigizo ya kule, maana wamesikia ni ya kale, ni magumu, na tiketi ni ghali. Ya kale ni kweli. Hayo mawili mengine yana njia zake.

Kwanza, usianze na Noh. Mimi nilianza nayo nikalala dakika ya ishirini, na nilipoamka yule mtu mwenye kinyago alikuwa bado hajamaliza kuvuka daraja la kuingilia jukwaani. Anza na kyogen. Hii ni michezo mifupi ya kuchekesha inayochezwa jukwaa lile lile, katikati ya Noh moja na nyingine, na kwa kawaida wachezaji hawavai vinyago. Mtu anatoka, anajitambulisha kuwa yeye ni mkazi wa hapa hapa jirani, na kisa kinaanza. Tafuta mchezo uitwao Busu. Bwana anasafiri, anawaachia watumishi wake wawili chombo, anawaonya kwamba ndani mna sumu kali kiasi kwamba hata upepo ukipita juu yake ukakupiga, umekufa. Ndani ni sukari. Watumishi wanakaribia huku wakipepea upepo urudi upande wa pili, wanaonja, wanakomba mpaka chini. Halafu, kwa makusudi, wanachana mchoro wa thamani wa bwana na kuvunja bakuli lake la chai. Bwana akirudi anawakuta wanalia: tumeharibu vitu vyako, bwana, tukaamua kula sumu tufe, na mpaka sasa kifo hakijaja! Sikuelewa hata neno moja katika kumi, na nilicheka mpaka mama wa kiti cha pili akanipa tishu.

Kabuki, aina nyingine ya maigizo ya kale ya Kijapani, ndiyo ngazi ya pili. Ukiwa Tokyo, pale Kabuki-za mtaa wa Ginza huuzwa tiketi za tendo moja, juu kabisa ghorofa ya nne, kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Kodi kile kifaa cha maelezo. Utasikia watu wakipaza sauti kutoka nyuma pale mchezaji anapoganda katika mkao wake na mbao zinapogongwa sakafuni: wanaita jina la ukoo wake wa jukwaani. Nilidhani ni sherehe ya kila mtu, nikajiandaa kupiga kigelegele. Rafiki yangu akanishika mkono. Mwito ule una sekunde yake, na wanaouita wameukariri miaka na miaka. Wewe piga makofi, inatosha.

Chakula huliwa wakati wa mapumziko, na vile viboksi vya wali na vitoweo vinavyouzwa pale vinapendeza macho. Kama unakula halali, fahamu kwamba mirini, ile pombe tamu ya kupikia, imo karibu katika kila kitoweo. Nilikuwa nabeba vibumba vyangu vya wali nilivyotengeneza nyumbani. Hakuna aliyeshangaa, nusu ya ukumbi walikuwa wamebeba vyao.

Jambo moja la historia ulipeleke nawe, maana litakusaidia pale mtu atakapokwambia kwamba utamaduni wa Kijapani haujawahi kubadilika. Kabuki, ambayo leo majukwaa yake makubwa yamejaa wanaume watupu, hata wanaoigiza wanawake, ilianzishwa na mwanamke. Aliitwa Okuni, na alicheza Kyoto kando ya mto Kamo mwaka 1603. Mwaka 1629 serikali ikawapiga wanawake marufuku jukwaani. Sanamu ya Okuni iko karibu na daraja la Shijo, hatua chache kutoka ukumbi wa Minamiza ambako kabuki huchezwa na wanaume. Nilikuwa napita pale kila wiki kwenda darasani.

Sasa Noh. Ilitengenezwa karne ya 14 na Kan'ami na mwanawe Zeami, chini ya ulinzi wa shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimitsu. Zeami aliandika michezo, akaandika na maelezo ya kazi yake ambayo hadi leo wachezaji wanayanukuu, na shukrani aliyopata ni kufukuziwa kisiwa cha Sado mwaka 1434, mzee wa miaka 70 na ushei. Jukwaa ni mraba wa karibu mita sita kwa sita, la mbao za hinoki, na lina paa lake hata kama liko ndani ya jengo lenye paa, kwa sababu zamani lilikaa nje. Nyuma umechorwa msonobari. Hakuna mandhari nyingine. Upepeo wa kukunja ndio upanga, ndio kikombe, ndio mwezi.

Kabla ya kwenda, soma kisa chenyewe. Hili halina mjadala. Mimi Noh iliyonifungua macho ilikuwa Atsumori ya Zeami. Katika vita vya Ichinotani, mwaka 1184, shujaa Kumagai alimuua kijana Atsumori, mpiga filimbi, umri wa mwanawe mwenyewe. Dhamira ikamsuta, akaacha upanga akawa mtawa. Mchezo unaanza pale mtawa huyo anaporudi kwenye uwanja wa vita kumwombea marehemu, na anakutana na wakata majani, mmoja wao anapuliza filimbi. Ni nani huyo mpiga filimbi, wewe unajua kabla ya mtawa. Mzimu unamjia kama adui, na unaondoka ukimwita rafiki. Niliyasoma haya kwenye treni, na safari ile sikulala. Na ukisinzia, usijilaumu sana. Wenyeji nao wanasinzia, wengine huku wameshika kitabu cha maneno mapajani.

Nimefika kwenye kosa langu kubwa, kubwa kuliko soksi.

Mwezi wa pili wa masomo, mwalimu alituonyesha kinyago cha msichana. Nikanyoosha mkono: "Kwetu pia tuna vinyago, ni kama hivi tu." Nilikuwa na nia njema. Nilitaka waone kwamba natoka mahali penye vitu. Mwalimu akafurahi, akakaa, akaanza kuuliza. Vinyago vya nani? Vya Wamakonde, ngoma ya mapiko. Kinafunika uso? Anayekivaa anaonea wapi? Watazamaji wanamjua ni nani? Ni kina nani hawaruhusiwi kumjua? Nikababaika. Mimi mtu wa Tanga, mapiko nimeyaona mara mbili kwenye tamasha Bagamoyo, nikiwa na soda mkononi. Usiku ule nilimpigia mjomba wangu aliyekaa Mtwara nusu ya maisha yake, akanicheka, kisha akanieleza.

Wiki iliyofuata nikarudi na majibu, na kila jibu lilizidi kuubomoa ule usemi wangu wa "kama hivi tu". Lipiko, yaani kinyago kimoja cha mapiko, huvishwa kichwani kama kofia ya chuma, mchezaji anaonea mdomoni mwa kinyago, mwili wote umefungwa nguo, na shughuli yenyewe ni kwamba asijulikane. Cha Noh ni kidogo kuliko uso wa mtu. Kidevu cha mchezaji mzee, na mikunjo yake ya shingo, kinaonekana wazi chini ya uso wa msichana, jina la mzee limechapishwa kwenye karatasi, na hakuna anayejali. Matundu ya macho ni madogo mno hata anayekivaa anajua alipo kwa kutazama nguzo za jukwaa. Hata kitenzi ni tofauti: niliposema "kukivaa" kwa neno la kuvaa kofia, mwalimu alinirekebisha. Kinyago cha Noh huitwa omote, uso, nao husemwa kwamba unatundikwa. Ukiinamishwa kidogo, unatia wingu. Ukiinuliwa, unaangaza. Niliona kwa macho yangu kipande cha mti kikihuzunika.

Kwa hiyo ushauri wangu: ule mdomo unaokimbilia kusema "kwetu pia", ufunge kwa miezi sita. Kufananisha haraka ni adabu ya mgeni anayetaka kupendwa, lakini kunaua maswali ya pande zote mbili. Nakiri hata hivyo kwamba kutoelewa nako kuna baraka zake. Mshairi wa Ireland, W. B. Yeats, hakuwahi kufika Japani, alisoma tafsiri za Noh akatunga tamthilia yake, ikachezwa London mwaka 1916, na baadaye Wajapani wakaichukua wakaigeuza Noh. Lakini yeye alikuwa Yeats.

Mwili ndio ulifananisha kabla yangu, na huo sikuweza kuufunga. Masomo ya kuimba Noh yanafanyika umekalia visigino. Wenzangu wa Ulaya waliomba mito baada ya dakika tano. Mimi nilikaa, maana hicho ni kikao cha attahiyatu, tofauti ni mguu wa kulia tu. (Dakika ya arobaini nami nilikuwa natokwa machozi, tusidanganyane.) Mwalimu anaimba mstari, unaurudia. Anaimba tena, unarudia. Huelezwi maana. Wimbo wangu wa kwanza, Tsurukame, ule wa korongo na kobe, niliujua wote kabla sijajua unasema nini. Mzungu mmoja alilalamika kwamba huku siyo kufundisha. Mimi niliwahi kumaliza juzuu amma chuoni kwa mtindo huo huo, mkekani, fimbo ya maalim ikiwa juu ya kichwa changu, kwa hiyo nilinyamaza nikaimba.

Kilichonisumbua ni salamu. Kila somo huanza na kuisha hivyo: unaweka upepeo wako umekunjwa mbele ya magoti, unashusha viganja chini, unainama kwa mwalimu. Wenzangu wazee walishuka mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Wiki tatu nilifanya hivyo hivyo huku moyo ukinidunda, nikirudi bwenini sisemi na mtu. Kwetu kipaji hakishushwi chini kwa kiumbe. Nilifikiri njia ni mbili, kuvumilia au kuacha.

Wiki ya nne nilifika mapema, kabla ya wenzangu, nikamweleza kwa Kijapani changu cha kuokoteza. Sikuomba kusamehewa salamu. Nilimuuliza kama kuna namna nyingine ya kuitoa kwa heshima ile ile. Alifikiri kidogo, akakaa mbele yangu, akaniinamia yeye, mgongo umenyooka kama ubao, akaishia katikati. "Shuka mpaka uone upepeo wako tu," akasema. "Upepeo ndio mpaka. Mimi nipo huku, wewe upo huko." Na siku ya kujaribu kinyago cha mazoezi, ambacho wenyewe hukiinamia kabla ya kukitundika, aliniambia nikishike kwa kingo, nikitazame kwa kituo, basi. Hakuna aliyenung'unika.

Ukiwa na jambo kama hilo, la dini au la mila, liseme mapema na uliseme faragha. Usilitolee hotuba. Nimeona mtu akieleza itikadi yake nzima mbele ya darasa, walimu wakitikisa vichwa kwa adabu, na baada ya hapo hawakumfundisha tena kitu cha maana. Usikae nalo moyoni pia, maana litageuka kinyongo kwa watu wasio na habari.

Zawadi: usiende nyuma ya jukwaa mikono mitupu. Mimi nilipeleka kanga, doti moja ya "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Mwalimu aliuliza maandishi yanasema nini, nikatafsiri, wakabishana nusu saa kama mwenyeji alikuwa mgonjwa. Tangu hapo kipande kimoja akawa anafungia vitabu vyake vya nyimbo. Rangi nyekundu na nyeusi, inaonekana toka kituo cha basi.

Mwisho wa mwaka wa pili wanafunzi huonyesha walichojifunza. Nilivaa kimono na hakama, lile vazi pana la kiunoni kwenda chini, mtandio wangu mweupe niliufunga kwa ndani, tabi nyeupe safari hii. Kipande changu kilikuwa cha dakika tano, bila kinyago, waimbaji wanne wamekaa nyuma yangu. Dakika ya tatu mstari ukanitoka kichwani wote. Nilisimama, mkono umenyooka, upepeo wazi, na kimya. Nyuma, sauti ya mwalimu ikanipa silabi mbili za mwanzo, chini chini, bila kupaza, bila kukasirika, nami mstari mzima ukaja wenyewe mdomoni, kama vile aya zilivyokuwa zikija maalim akinishikia neno la kwanza.

Nilipotoka, bibi mmoja mwanafunzi mwenzangu aliniuliza mbona nimesimama pembeni natabasamu peke yangu. Nikamwambia miguu imekufa ganzi. Nayo ilikuwa kweli.