Kuinuka Kitini kwa Wakati Wake

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba mchapakazi ni yule asiyebanduka kitini. Nilikuwa nikiketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi, na ilipofika saa nane mchana nilijikuta nikisoma aya moja mara tatu bila kuambulia kitu, kiuno kikiuma na macho yakiwa mazito. Nilijilaumu kwa uvivu, kumbe nilikuwa nimeunyima mwili nafasi ya kufanya sehemu yake: misuli ya vigimbi, ambayo husaidia kuirudisha damu moyoni, haiwezi kuisukuma vizuri ikiwa mtu hajongei.

Siku hizi kila kazi nimeipa mahali pake. Mezani ni pa kuandika tu. Barua pepe nazijibu nikiwa nimesimama kwenye kabati fupi lililo karibu na dirisha, na nakiri kwamba tangu nianze kusimama majibu yangu yamekuwa mafupi mno. Rasimu nazisoma kwenye kiti kingine kabisa, nikiwa na karatasi na kalamu, simu nikiwa nimeiacha nilikotoka.

Hata hivyo, si kila kazi inayofaidika na kutembea. Mwaka 2014, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaotembea hubuni mawazo mengi kuliko walioketi, hata wakitembea kwenye mashine ndani ya chumba huku wakitazama ukuta mtupu. Lakini katika maswali yenye jibu moja tu, kutembea hakukuwasaidia. Ndivyo ilivyo kwangu pia. Nikitafuta namna ya kuianza makala, huzunguka nje hadi sentensi ya kwanza inijie, ila nikihakiki hesabu, huketi.

Kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa kuinuka katikati ya wazo. Nilikuwa nikienda kuchota maji na kurudi nikiitazama sentensi iliyokatika kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Baadaye nilisoma majaribio ya Gabriel Radvansky na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2011, kwamba kule kupita mlango na kuingia chumba kingine kunatosha kumsahaulisha mtu alichokuwa nacho akilini, nikaacha kujishangaa. Sasa siinuki kabla ya kuandika kwenye kipande cha karatasi hatua inayofuata, kwa maneno yasiyo na utata: si «endelea na ripoti», bali «linganisha jumla ya jedwali la pili na la tatu».

Nikijiona nimehama mara mbili kabla ya kumaliza aya moja, najua kwamba kiti hakina kosa, bali sijui ninachotaka kusema. Hapo hurudi mezani, nikafunga kompyuta, nikaiandika hoja yenyewe kwa mkono katika mstari mmoja.